Shubiri Moja Chini ya Paa

Mgeni afikaye Ifakara kwa njia ya Mikumi na Kidatu, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wake wa kulia, huona upesi kwamba nyumba za udongo na nyasi, ambazo ndizo zilizokuwa maskani ya wengi katika bonde la Kilombero, zimezipisha nyumba za matofali ya kuchoma na bati, zilizojengwa aghalabu pasipo mkopo wala mkandarasi, bali kwa mikono ya wenyewe na kwa fedha ya mpunga, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mwaka wa tatu paa. Ni fahari ya haki. Walakini ukisimama chini ya upenu wa nyingi katika nyumba hizo ukainua macho, utaona kwamba baina ya kichwa cha ukuta na bati pameachwa uwazi wa kadiri ya shubiri moja. Na mimi, niliyelala chini ya uwazi wa namna hiyo miaka sita kabla sijauziba, nashikilia kwamba nyumba iliyoachwa wazi mahali hapo haijaisha, hata kama sakafu yake imetandikwa marumaru.

Uwazi huo una asili yake. Katika nyumba ya zamani ulikuwa njia ya moshi wa kuni na ya joto la mchana, na mafundi wa leo wameurithi pamoja na umbo la paa lenyewe: juu ya ukuta hulazwa boriti ambayo watu wa pwani huiita mtambaapanya, juu ya boriti huegemea makombamoyo, juu ya makombamoyo hupigiliwa papi, na juu ya papi bati; basi nafasi iliyo baina ya kombamoyo moja na jingine hubaki tupu, kwa kuwa hapana aliyepatana na fundi kuijaza. Fundi hana taksiri. Kazi aliyolipwa iliishia hapo.

Mbu wa malaria, aitwaye Anopheles, hufaidi sana desturi hiyo, kwani akiukuta ukuta hupanda nao kwenda juu, na huko juu hupokewa na hewa ya vuguvugu iliyobeba pumzi za waliolala, itokayo katika uwazi ule ule. Kwa hiyo nyumba yenyewe humwelekeza pa kuingilia. Wala bonde hili halikukosa maarifa juu ya adui huyu. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, aliweka maabara hapa Ifakara katika miaka ya 1950, nayo ndiyo asili ya Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilithibitika kwamba mtu wa kijiji cha Namawala alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka mmoja. Vyandarua vilivyoenezwa Kilombero na Ulanga tangu 1997 viliokoa maisha ya watoto wengi, lakini chandarua hulinda kitanda, hakimlindi mtoto anayesoma sebuleni saa mbili ya usiku. Huko Gambia, katika majaribio yaliyochapishwa 2009, nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa upenu zilipunguza mbu waingiao kwa takriban asilimia 59, na zile zilizotiwa dari ya wavu peke yake kwa asilimia 47.

Sasa nieleze kazi ilivyofanyika, kwa maana hapo ndipo penye ilimu. Nyumba yangu ina urefu wa futi 30, na upenu wenye uwazi ni wa pande mbili ndefu, jumla futi 60; kuta mbili za mwisho zilikwisha kupandishwa kwa tofali hadi kileleni. Wavu wa madirisha huuzwa dukani kwa upana wa futi 4, nao ukipasuliwa kwa urefu wake hutoa vipande vinne vya upana wa futi moja, hivyo futi 15 zilitosha upenu wote. Nilichagua wa waya badala ya ule wa nailoni, ambao ni rahisi kwa bei lakini jua huuchakaza na panya huutafuna. Kuziba kwa tofali na udongo kungalikuwa rahisi zaidi, ila nyumba ya bati isiyopumua juu huwa tanuri, na watu waliokimbizwa na joto hukesha barazani, ambako mbu huwangoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupigilia wavu ukutani chini na kuufunga kwenye bati juu. Bati hutanuka mchana na kunywea usiku, na kwa muda wa wiki mbili misumari ilikwisha kulegea. Ilinipasa nikate vipande vya papi, nivipachike baina ya kombamoyo na kombamoyo, kisha wavu upigiliwe chini kwenye mtambaapanya na juu kwenye vipande hivyo, ukikandamizwa kwa fito nyembamba za mbao pande zote nne, ili usishikwe na bati hata kidogo. Yalibaki mawimbi ya bati, kila wimbi likiacha juu ya papi tundu la umbo la mwezi mchanga, dogo kwa jicho la mtu na pana mno kwa mbu. Hayo niliyajaza udongo uliokandwa na pumba za mpunga, ambao hupasuka kila kiangazi na hurudishwa kwa kiganja kila kabla ya masika.

Ukaguzi haukuhitaji chombo. Saa sita za mchana nilifunga milango na madirisha, nikasimama gizani mpaka macho yalipozoea, na kila palipopenya nuru isiyopita katika wavu palikuwa na kazi iliyobaki. Siku ya kwanza nilihesabu mahali 23.

Mambo haya yote yangalikuwa mepesi mara tatu kama yangalifanywa kabla ya bati kupanda, kwani wakati huo wavu ungalilazwa juu ya papi, ukaachiwa inchi mbili za kusukumwa ndani ya mawimbi, na bati lenyewe likaukandamiza. Naliona jambo hili la utaratibu kuwa kubwa kuliko la fedha.

Tena kuna shimo. Udongo wa matofali yangu ulichimbwa nyuma ya nyumba, kama kwa kila mtu hapa, na shimo lile likashika maji miezi mingi likaota majani, hali ambayo Anopheles funestus, aliyeonekana miaka ya karibuni kubeba sehemu kubwa ya maambukizi ya bonde hili, huipenda hasa. Nililijaza kwa vipande vya matofali yaliyovunjika, majivu ya tanuri na taka za bustani, tabaka juu ya tabaka, nikafunika kwa udongo mweusi nikapanda migomba na matembele, na kando, palipo pakavu, mchicha na bamia. Migomba ndiyo iliyostawi kuliko vyote.

Sidai kwamba mbu amekwisha. Anopheles arabiensis huuma nje pia, tena mapema, na chandarua hakijaondoka kitandani mwangu. Lakini wewe unayengoja mavuno ya mwaka huu upaue nyumba yako, nakusihi ununue futi 15 za wavu siku ile ile ununuapo misumari ya bati, ukamkabidhi fundi kabla hajapanda juu.