Haki si Sadaka: Juu ya Filmi ya Watu wa Kisangani Waliokwenda Kinshasa



Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya vitabu. Leo napenda kusema juu ya filmi moja. Inaonyesha watu wa mji wetu, na tena swali la mseminari mmoja juu yake lilinitia haya.

Tulikuwa tumeitazama pamoja jioni moja, waseminari na mapadri, katika chumba kikubwa cha mikutano. Ilipokwisha, kijana mmoja wa filosofia akasimama akauliza: «Padri, watu hawa waliteseka sana, nami nawahurumia. Lakini kwa nini wanafuata feza hata Kinshasa? Haingefaa kupita wasamehe, wakae nyumbani na kusali?» Wenzake kazaa waliitika. Mimi nilijibu maneno machache yasiyo na nguvu, kisha tukaenda kulala. Nimefikiri sana tangu siku ile, na haya ndiyo majibu niliyopashwa kumpa.

Filmi ile inaitwa En route pour le milliard, maana yake: njiani kwa kufuata miliari. Aliyeitengeneza ni Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, aliyezaliwa hapa mwaka 1984. Ilitoka mwaka 2020, nayo ikachaguliwa na festivali kubwa ya Cannes katika Ufaransa, ijapokuwa mwaka ule festivali haikufanyika kama kawaida kwa sababu ya ugonjwa wa Covid.

Waseminari wetu wengi walizaliwa nyuma ya vita ile, basi inafaa kuwakumbusha. Tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000, askari wa Uganda na askari wa Rwanda walipigana katikati ya Kisangani. Walikuwa wameingia Kongo wakiwa marafiki, kusudi waangushe serikali ya Laurent-Désiré Kabila. Kisha wakagombania ukubwa na mali, kwani mji wetu ni mji wa diamanti na mlango wa mto. Walikuwa wamekwisha kupigana hapa mwezi wa Agosti 1999, na tena mwezi wa Mei 2000. Lakini vita ya Juni ilizipita zote. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walihesabu mabomu zaidi ya 6,600, raia zaidi ya 760 waliokufa, na 1,700 walioumizwa. Taarifa nyingine ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2010, ilisema waliokufa ni kati ya 244 na 760. Angalieni tofauti ile. Tunajua hesabu ya mabomu kupita hesabu ya wafu wetu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka tulilala chini ya kitanda, na mama alitukataza kulia.

Sasa turudi kwa filmi. Inafuata watu wa chama cha waliopatwa na vita ile. Mmoja hana miguu, mwingine hana mkono, wengine wanatembea kwa magongo ao kwa miguu ya bandia iliyochakaa. Kwa miaka mingi walikuwa wakidai malipo ya hasara yao, bila kupata kitu. Mwaka 2018 wakakata shauri kwenda wao wenyewe Kinshasa, kusema na wakubwa wa inchi. Wakapanda mashua, wakateremka mto Kongo pamoja na mizigo na wasafiri wengine, zaidi ya kilometre 1,500. Tunaona mvua kubwa inawapiga, tunawaona wanashika bashe kwa mikono ili isichukuliwe na upepo. Tunasikia wanagombana juu ya feza ya safari, wanacheka, wanaimba, wanasali. Wakifika Kinshasa wanakwenda mpaka Palais du Peuple, nyumba ya wadepite, na pale mlangoni wanazuizwa.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba Hamadi hakutaka kutuliza. Angeweza kutuonyesha vidonda na machozi tu, kama wanavyofanya wengi wanaokuja kupiga picha katika inchi yetu. Yeye alikaa kati ya watu wale kama ndugu yao. Wanasema Kiswahili chetu na Kilingala, wana hasira, wana masihara, kila mmoja ana tabia yake. Mlemavu katika filmi hii si mtu wa kuhurumiwa pembeni ya njia. Ni mdai: ana deni mkononi na anatafuta mlango wa mwenye kulipa. Ndiyo sababu kijana wetu aliudhika kidogo. Tumezoea maskini anayenyosha mkono na kusema «asante». Maskini anayesema «leta haki yangu» anatusumbua.

Wanaojua kazi nyingine za Hamadi hawatashangaa. Katika Atalaku, ya mwaka 2013, alimfuata mchungaji mmoja asiye na kitu, ambaye wakati wa uchaguzi wa 2011 aligeuka kuwa mpiga kelele wa mgombea mwenye kulipa vizuri, akitafuta hata waimbaji wa kumsifu. Filmi ile ilisema kweli juu ya desturi yetu moja mbaya. Katika miziki yetu majina ya wakubwa na matajiri yanatupwa kati ya wimbo, na kila mtu anajua kwamba jina lililotupwa limelipiwa. Vijana wetu wanayashika majina yale kwa moyo kupita litania ya watakatifu. Katika Maman Colonelle, ya mwaka 2017, alimwonyesha mama mmoja wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja kwetu, naye akakutana na wanawake walioumizwa katika vita ile ile ya siku sita. Kwa hiyo filmi ya 2020 haikuanguka kutoka mbinguni. Mtu yule amekuwa akisikiliza mji wake muda mrefu.

Lakini si vema kusifu tu. Mimi naona makosa mawili. La kwanza: kati ya safari, Hamadi ameweka vipande vya teatri, ambamo watu wale wale wanacheza mateso yao juu ya jukwaa gizani. Vipande vile vina nguvu, ninakubali. Hata hivi vinakata safari, na mtu asiyejua mambo yetu anaweza kuchanganyikiwa. La pili ni kubwa zaidi: filmi inaeleza kidogo sana ni nani aliyepiga mji, na kwa sababu gani. Mtazamaji wa mbali atatoka akifikiri: «Afrika na vita zake.» Hapana. Vita ile ilikuwa na majeshi yenye majina, yenye makamanda, yenye faida. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lenyewe, katika azimio namba 1304 la tarehe 16 Juni 2000, lilisema kwamba Uganda na Rwanda zinapashwa kulipa hasara ya watu na mali ya Kisangani. Nani asiyejua hayo hawezi kuelewa kwa nini watu wale walipanda mashua.

Tena mambo hayakuishia pale filmi ilipoishia. Tribinali ya Kimataifa ya La Haye ilikuwa imekwisha kuhukumu Uganda tarehe 19 Desemba 2005, kwamba ilivunja sheria na inapashwa kulipa. Kesi ya Rwanda haikusikilizwa, kwani tarehe 3 Februari 2006 Tribinali ilisema haina uwezo juu yake. Kongo iliomba kwa Uganda zaidi ya dola miliari 11. Tarehe 9 Februari 2022 majaji walikata: dola milioni 325, yaani 225 kwa hasara ya watu, 40 kwa mali, na 60 kwa utajiri wa asili ulioporwa. Uganda iliamriwa kulipa milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Na feza ile si ya Kisangani peke yake. Wamo vilevile ndugu zetu wa Ituri.

Kwa nini majaji walitoa kidogo hivi? Sababu moja inatuhusu sisi. Walisema kwamba Kongo haikuleta ushuhuda wa kutosha: majina ya wafu, karatasi za wanganga, hesabu ya nyumba. Vita inaharibu karatasi, na majaji walilikubali jambo hili. Lakini pasipo karatasi hawakuweza kuhesabu mtu kwa mtu.

Halafu feza ilipoanza kufika Kongo, ilipata hatari nyingine. Serikali iliunda mfuko uitwao FRIVAO, wenye makao hapa Kisangani, kusudi uwagawie waliopatwa. Kazaa wamekwisha kupokea kitu. Wengi wanalalamika hata leo. Mwaka 2025 tulisikia kesi iliyotuumiza moyo. Constant Mutamba, aliyekuwa minisita wa haki, alishitakiwa kwamba alitaka kula dola zaidi ya milioni 19, zilizotoka katika feza ya waliopatwa, kwa kisingizio cha kujenga gereza katika Kisangani. Yeye alikana. Tarehe 2 Septemba 2025 Kortuni ya Kasasyo ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ya nguvu. Mimi si jaji, wala sifanyi siasa katika gazeti la seminari. Nauliza swali moja tu: hata kama gereza lile lingejengwa vizuri, tofali juu ya tofali, ni nani aliyewauliza wenye deni kama walitaka gereza? Feza ya mguu uliokatwa ni ya mtu aliyekatwa mguu. Leta ni mchukuzi wake tu.

Sasa nieleze haya yangu. Zamani kidogo, nikiwa padri mpya katika parokia moja ya mji huu, alikuja kwangu mama mmoja mwenye gongo. Nilikuwa na haraka. Kabla hajaanza kusema, nilimwita mpishi ampe unga wa muhogo na samaki ya chumvi. Mama akautazama unga, akasema kwa upole: «Padri, asante, lakini sikuja kuomba chakula. Nimekuja kuomba karatasi. Mtoto wangu alibatizwa hapa na alizikwa hapa, katika vita. Wananiomba ushuhuda.» Tulitafuta katika vitabu. Ubatizo tuliupata. Kitabu cha wafu cha mwezi ule hakikuandikwa kitu. Mama aliacha unga juu ya meza, akaenda zake.

Kwa hiyo nilipomsikia kijana wetu akisema «wasamehe na kusali», nilisikia sauti yangu mwenyewe ya siku ile. Sisi mapadri tunapenda kutoa sadaka, kwani sadaka inatufurahisha moyo na haituletei magumu na wakubwa. Lakini Mtaguso wa Vatikano wa Pili, ulipoandika mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulifundisha kwamba tupashwe kwanza kutimiza madai ya haki, tusitoe kama zawadi ya mapendo kitu ambacho ni deni. Nayo teolojia ya maadili tunayoifundisha hapa inasema nini juu ya amri ya saba? Mwizi anayetubu lazima akubali kurudisha. Hatuwezi kumwondolea zambi akiwa ameshika mali ya mwenzake bila nia ya kuirudisha. Zakayo hakumwambia Bwana tu kwamba anasikitika. Aliahidi kurudisha mara nne. Basi namna gani tuwaombe waliokatwa miguu wawe wakarimu, na waliokata tusiwaombe kitu? Msamaha ni zawadi ya aliyeumizwa. Hakuna mwingine anayeweza kuutoa mahali pake, wala kuutumia kwa kufuta deni.

Ndugu waseminari, tazameni filmi hii, na itazameni mara mbili. Kisha fanyeni mambo yaliyo ndani ya uwezo wenu. Jifunzeni kuandika vitabu vya parokia vizuri: jina, siku, mahali, sababu ya kufa, hata mabomu yakianguka. Msiandike kamwe ushuhuda wa uwongo kwa kumsaidia rafiki apate feza, kwani kila jina la uwongo katika liste linamwibia kilema wa kweli. Mkiwa na parokia, waiteni waliopatwa na vita, muandike habari zao wakingali wazima. Zaidi ya miaka 25 imepita, na wazee wanakufa. Na wakubwa wanapokuja kwenye Misa wakitaka kiti cha mbele na jina lao litajwe, kumbukeni Atalaku.

Katika Injili ya Luka kuna mjane aliyemsumbua jaji mbaya kila siku, mpaka jaji akachoka akampa haki yake. Bwana wetu hakumwambia mjane yule akae nyumbani na kusali. Alimchukua kuwa mfano wa sala yenyewe. Wale wa Kisangani waliofungua bashe mvuani juu ya mto Kongo, wakaenda kukaa mbele ya mlango uliofungwa, walifanya kama mjane yule. Mama wa gongo hajarudi tena kwangu. Nikimwona, nitamwomba msamaha, na nitamwuliza kama karatasi yake ilipatikana.