Kuyateremsha maji polepole

Uvira umebanwa kati ya ziwa na mlima. Ukishika barabara ya kusini kuelekea Makobola na Baraka, kushoto kwako ni Tanganyika, kulia ni safu ya Mitumba, na mahali pengine ardhi tambarare iliyobaki katikati inatosha barabara, mstari mmoja wa nyumba na migomba michache. Vijito vinavyotoka juu vinafika ziwani kwa mbio. Hata Mulongwe, mto unaokata mji na ambao siku nyingi za mwaka hautishi mtu, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 ulitoka njia yake ukabeba nyumba na watu. Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa maji yanafanya nini yakishuka bila kushikwa. Kwa hiyo namheshimu sana yule anayepanda mlima huohuo na jembe begani, akachota kijito kwa mfereji, akakileta mpaka kwenye bwawa la samaki nyuma ya nyumba yake, na maji yakafika pale yametulia.

Mfereji wenyewe haumvutii mpita njia. Chini una upana wa sentimita 30 hivi, kuta zake zimelazwa kidogo ili zisiporomoke, na udongo uliotolewa umelundikwa upande wa bondeni ukakanyagwa mpaka ukawa tuta na njia ya kupita. Unazunguka kilima, unaingia kwenye kibonde, unatoka, unapotea nyuma ya mihogo. Ubora wake uko katika kitu ambacho jicho haliwezi kukipima, nao ni mteremko. Mfereji wa udongo unataka kushuka mita 1 mpaka 3 tu katika kila mita 1,000. Ukishuka chini ya hapo, maji yanalala, mchanga unatua na mfereji unajaa. Ukizidi, maji yanaanza kula sakafu, na baada ya mvua chache unakuta korongo mahali ulipoacha mfereji. Na kipimo hicho chembamba fundi anakitafuta kwenye mlima ambao mtu akipiga hatua 10 anakuwa ameshuka hatua 3 au 4.

Chombo chake ni miti 3 iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni. Miguu imeachana mita 2. Kwanza anakisahihisha: anakisimamisha juu ya vigingi 2 vilivyopigwa ardhini, anatia alama pale kamba inapogusa mti wa kati, anakigeuza mguu huu ukae ulipokuwa ule, anatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo, hata kama miti imepinda na mguu mmoja umezidi mwingine. Hakuna kiwanda kilichompa kipimo hicho, na bado kinasema kweli. Kisha anafunga kijiti cha unene wa milimita 5 chini ya mguu wa mbele. Sasa kila mara kamba inapotulia kwenye alama ya usawa, mguu wa mbele umeshuka milimita 5 katika mita 2. Anapiga kigingi, anakizungusha kile chombo hatua moja mbele, anasubiri jiwe liache kuyumba, anapiga kigingi kingine. Kwa mfereji wa mita 200 atafanya hivyo mara 100, na kutoka banio, pale kijito kinapochotwa, mpaka bwawani maji yatakuwa yameshuka nusu mita tu. Upepo wa ziwa ukivuma mchana jiwe halitulii, kwa hiyo kazi hii hufanywa asubuhi.

Wenye haraka huchimba kwanza, wakaachia maji, halafu wakarekebisha kwa kuyafuata. Inawezekana, na wengi wamepata samaki kwa njia hiyo. Lakini nikitazama mistari ya vigingi ikizunguka kilima kabla jembe halijagusa ardhi, naona kazi ya mtu aliyekwisha kuyaona maji yakipita kabla hayajaja.

Kule Japani kuna kitabu cha karne ya 11 kiitwacho Sakuteiki, kinachofundisha kutengeneza bustani, na ndani yake kuna maelezo ya kijito cha kupitisha uani. Mteremko kinaoutaka ni sehemu 3 kwa 100, ili maji yatiririke yakisikika. Ule ni uhodari wa aina yake, kwa sababu kijito kile kilitengenezwa kwa ajili ya sikio na jicho, na wenyeji wake walikuwa na mawe ya kukitandika. Mfereji wa mlimani kwetu uko katika udongo mtupu, na hapo kipimo hicho kingekuwa maangamizi. Mara 10 zaidi ya unaofaa! Siku ya kufungulia maji nilimsikia kijana akimwuliza mzee aliyekuwa akiongoza kazi, "Papa, tuchimbe kidogo tena? Maji haisikike." Mzee hakuinua hata kichwa. "Acha. Kama inasema, iko inakula udongo."

Basi kazi yote inayofuata ni kuyanyamazisha. Kwenye kona, maji husukuma ukuta wa nje, kwa hiyo upande huo hupangwa mawe yenye uso bapa, makubwa chini, madogo juu, na mianya hujazwa udongo wenye majani ya kutambaa ili mizizi iyashike. Pale ambapo lazima mfereji ushuke ghafla, fundi hakubali kuuinamisha, anajenga ngazi. Jiwe moja pana linakaa mdomoni, chini yake kinachimbwa kishimo na kutandikwa mawe, maji yanaanguka humo, yanamaliza nguvu zake, yanatoka yakitembea. Kwenye korongo linalokata njia hutumika mwanzi uliopasuliwa au bati lililokunjwa, na miisho yake huzikwa ndani ya udongo mzuri, maana hapo ndipo mfereji unapovujia.

Udongo mzuri una jaribio lake. Unachukua konzi, unaulowesha, unauviringisha mpaka uwe kamba nyembamba, halafu unaikunja iwe pete. Ikipasuka, huo una mchanga mwingi, tafuta kwingine. Ikikunjika bila ufa, ni wa mfinyanzi. Huo hutandikwa kwenye sehemu zinazonywa maji na kwenye ukuta wa bwawa, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hukanyagwa kwa miguu mitupu kabla ya jingine. Lisizidi sentimita 15, kwa sababu uzito wa mtu haufiki chini ya hapo. Watu 4 au 5 wakikanyaga kwa mstari, visigino vikipishana, udongo unabadilika chini yao: mwanzo unanasa mguu, baadaye unaupokea tu, na mwishoni kisigino kinaacha alama ndogo. Hapo ndipo linapoletwa tabaka jingine.

Kabla ya bwawa huwa kuna shimo pana, kama meza ya kulia. Vijito vya huku vinabeba mchanga mwingi, kwa kuwa miteremko mingi ilikwisha kupoteza miti yake, na katika shimo hilo maji yanapunguza mwendo na mchanga unatua. Anayelisahau atazika bwawa lake mwenyewe. Anayelizoa mara kwa mara anapata pia mchanga wa kujengea.

Ndipo maji yanaruhusiwa kupiga kelele. Bomba la mwanzi linatokeza juu ya bwawa kiasi cha mkono, na maji yanaanguka kutoka hapo. Yanapoanguka yanachukua hewa ambayo samaki wanaihitaji, na pengo lile linawazuia tilapia wasipande na kutoroka. Kwenye mdomo hufungwa chandarua ili kambare na samaki wengine wa kijitoni wasiingie kula vifaranga.

Mwenye bwawa jipya hutaka bomba hilo limwage mchana na usiku. Anaona maji yanayopita ndiyo maji mazuri. Kwa tilapia ni kinyume chake: wananenepa katika maji ya kijani, yenye mbolea na viumbe vidogo vya majini, yaliyopata jua, ilhali maji ya mlimani yanayopita bila kukoma ni baridi, na yanakwenda na chakula chote. Mfereji una kazi ya kurudisha kilichopungua. Tuchukue bwawa la ari 2, yaani mita za mraba 200. Likipoteza sentimita 1 kwa siku kwa jua na kuvuja, zimekwenda lita 2,000. Kijito kinachojaza bidoni ya lita 20 kwa dakika 14 kinatosha kuzirudisha. Kulijaza mara ya kwanza ni jambo jingine: kwa kina cha wastani cha sentimita 80 ni lita 160,000, na mfereji unaoleta lita 1 kwa sekunde utahitaji karibu siku 2 kamili. Kwa sababu hiyo fundi makini hupima kijito mwezi wa Agosti, kinapokuwa kimedhoofika kabisa. Kipimo cha Aprili kingemdanganya.

Hesabu hiyo inaleta amani pia. Akijua anahitaji maji kidogo hivyo, anaweza kuwaachia wa chini yake mboga zao mchana, akachukua zamu ya usiku. Wapare wa Tanzania wamejenga utaratibu mzima juu ya jambo hilo: ndiva zao, mabwawa madogo ya mlimani, hujazwa usiku ili asubuhi maji yagawiwe mashambani. Hapa mara nyingi lango ni bonge la udongo na kipande cha ubao, na jirani akikuta limefungwa wakati wa zamu yake anajua nyumba ya kwenda kubisha.

Mvua zinaporudi, baada ya kiangazi, fundi anapanda tena mpaka kwenye banio. Lile banio ni mawe yaliyopangwa bila saruji, na amelijenga kwa makusudi liwe dhaifu, lisombwe na mafuriko badala ya kuyaelekeza mferejini. Hata hivyo hasubiri lisombwe. Wingu likitanda juu ya milima ya Itombwe anaziba mdomo wa mfereji kwa udongo, anaondoa mawe 2 au 3 ya katikati na kukiachia kijito njia yake ya zamani. Kisha anashuka akifuata mfereji, jembe mkononi, akifungua vijitundu vya kumwagia upande wa bondeni ili mvua ya njiani nayo ipate pa kutokea.