Asilimia ya manunuzi migodini: tunahesabu ankara tu

Ukisoma taarifa za migodi ya Kanda ya Ziwa, au ukisikiliza hotuba kwenye maonesho ya madini pale Geita, kuna namba moja hukosi kuisikia: asilimia ya manunuzi yaliyofanywa kwa kampuni za Kitanzania. Namba huwa kubwa, makofi yanapigwa. Mimi nina shida nayo. Sisemi imepikwa. Inaweza kuwa sahihi hadi senti ya mwisho na bado isikuambie unachotaka kujua, yaani fedha ngapi zimebaki hapa.

Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye sekta ya madini zilitoka mwaka 2018. Mwanzoni, ili kampuni ihesabike ya Kitanzania, angalau asilimia 51 ya hisa zilipaswa kuwa za wazawa. Mwaka 2019 kiwango kikashushwa hadi asilimia 20. Kwa kiasi fulani naelewa, maana mtaji wa kuagiza matairi ya yale malori makubwa ya mgodini huupati kwenye vikoba. Lakini angalia hesabu inavyokwenda: kampuni ambayo wageni wanamiliki asilimia 80 inaingia kwenye safu ya "ndani", na ankara yake inaingia yote, siyo asilimia 20 yake.

Halafu kuna bidhaa yenyewe. Mgodi wa dhahabu unakula dizeli, sayanidi, chokaa, baruti, matairi, na mipira ya chuma ya kusagia mawe. Sehemu kubwa ya mzigo huo inashuka melini Dar es Salaam, kisha inasafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi huku kwetu.

Hebu tufanye hesabu ya mfano (namba ni zangu, za kuelezea tu). Kampuni ya kwanza, ofisi Kahama mjini, inauzia mgodi mipira ya chuma ya shilingi milioni 100. Milioni 88 zinakwenda kwa kiwanda cha nje na meli. Zinabaki 12. Kampuni ya pili inapeleka jikoni mwa mgodi mchele wa Kahama na nyama ya ng'ombe wa Shinyanga, jumla milioni 20, na 17 zinabaki kwa wakulima, wafugaji, mashine za kukoboa na madereva. Kwenye ripoti, wa kwanza kamzidi wa pili mara tano. Mtaani, wa pili ndo kaacha hela nyingi zaidi.

Afisa ununuzi akipimwa kwa ile asilimia, unadhani atahangaika na nani? Ankara moja nene inampandisha haraka kuliko wazabuni 40 wadogo wa kufundishwa viwango vya ubora na kulipwa mapema. Simlaumu. Anafuata kipimo alichopewa.

Na migodi hufungwa. Buzwagi, hapo hapo Kahama, ilifika mwisho wake 2021. Msambazaji aliyekuwa akipitisha mzigo wa nje tu, mgodi ukiondoka anabaki na mhuri na kreti za soda za sherehe ya kuaga. Aliyejenga karakana ya kuchomelea anaweza kutafuta wateja kwenye viwanda vya kuchambua pamba au mashine za mpunga.

Kwa wanaosoma uchambuzi wa data, hapa kuna kazi halisi. Forodha wa TRA wana kumbukumbu za nani aliingiza nini, kutoka nchi gani, kwa thamani gani. BRELA wana wenye hisa. Tume ya Madini inapokea mipango ya ununuzi ya migodi. Majedwali matatu, na namba ya mlipakodi, TIN, inaweza kuwa uzi wa kuyaunganisha. Toa thamani ya kilichoagizwa nje kwenye ankara, kinachobaki ndicho kianzio cha kipimo cha maana. Hakitakuwa kamili: mwagizaji mara nyingi siye anayeuza, na bidhaa iliyonunuliwa Kariakoo inaweza kuwa imetoka nje pia.

Kikwazo kikubwa ni usiri wa taarifa za mlipakodi, na usiri huo una sababu zake. Ila jumla kwa aina ya bidhaa, mathalani matairi yote au chokaa yote ya mwaka mmoja, haimtaji mfanyabiashara yeyote kwa jina. Pale ambapo muuzaji ni mmoja tu, safu hiyo iachwe wazi.