Karantini Iliyopikiwa Chakula

Mchoro wenyewe ulikuwa wa kawaida tu. Visanduku vya rangi, mishale inayotoka kisanduku kimoja kwenda kingine, na ndani ya kila kimoja tarehe, saa na mahali: uwanja wa ndege wa Kochi, mgahawa, posta, nyumba za jamaa. Jina la mtu halikuwamo. Chini paliandikwa namba za simu na ombi moja, kwamba yeyote aliyekuwa mahali hapo saa hiyo apige.

Ilikuwa Machi 2020, wilaya ya Pathanamthitta, jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Familia ya watu watatu ilikuwa imerudi kutoka Italia tarehe 29 Februari. Walipita uwanjani bila kujitokeza kwa wapimaji, kisha wakashinda wiki nzima wakizunguka kwa ndugu na marafiki, kama afanyavyo msafiri yeyote aliyefika kwao. Majibu ya vipimo vya korona yalipotoka tarehe 8 Machi, mkuu wa wilaya na madaktari wake walilazimika kuifuata wiki ile kinyumenyume, saa baada ya saa. Nani anakumbuka alisimama duka gani Jumanne asubuhi? Pale kumbukumbu za wagonjwa zilipokatika, timu ziliuliza madukani, zikatazama kamera za ulinzi, zikafuata nyayo za simu zao. Mamia ya watu wakapatikana. Wazee wa familia hiyo waliambukizwa pia, mmoja wao akiwa ameshapita miaka 90. Walilazwa hospitali ya chuo cha tiba cha Kottayam na wakatoka wazima mwanzoni mwa Aprili.

Ule mchoro ulizunguka dunia nzima, na wengi waliouona walidhani wameona siri ya Kerala. Lakini mchoro hutafuta mtu tu. Swali gumu huja akishapatikana: umemwambia akae ndani, Kerala ikitaka siku 28 wakati mahali pengi palitosheka na 14. Atakula nini? Ng'ombe wake atakamuliwa na nani? Dawa ya sukari ikimwisha siku ya kumi, nani atamletea? Jimbo hili lilifanikiwa katika miezi ya mwanzo kwa sababu lilikuwa na jibu la maswali hayo kabla ya kuyauliza, na lilipoyumba baadaye, liliyumba palepale lilipoliweka jibu hilo kando.

Kerala ina watu wapatao milioni 34 waliobanana kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na bahari. Ni nchi ya wasafiri. Mbao za msaji za Malabari, pwani ya jimbo hili, ndizo zilizounda majahazi mengi yaliyofuata pepo za kaskazi na kusi kati ya India, Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki, na hadi leo Mswahili anayefanya kazi Muscat au Dubai hakosi jirani Mmalayali, yaani mtu wa Kerala, awe muuza duka, muuguzi au dereva. Jimbo lina viwanja vinne vya ndege vya kimataifa. Kwa ugonjwa unaosafiri na abiria, hakuna mlango ulio wazi zaidi ya huo.

Bahati yao, kama neno hilo linafaa, ni kwamba walikuwa wamekwisha kuungua mara moja. Mei 2018 kirusi cha Nipah kilizuka eneo la Kozhikode na kuua watu 17. Miongoni mwao alikuwamo Lini Puthussery, muuguzi wa hospitali ya Perambra aliyewahudumia wagonjwa wa mwanzo. Wiki zile ziliwafundisha watumishi wa afya kutengeneza orodha ya waliokutana na mgonjwa, kuvaa na hasa kuvua mavazi ya kujikinga, na kumzika marehemu bila kuambukizwa na bila kumvunjia heshima. Kwa hiyo habari za Wuhan zilipoanza kusikika, Waziri wa Afya wa jimbo, K. K. Shailaja, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya siasa, hakusubiri Delhi. Kabla Januari 2020 haijaisha, kituo cha uratibu kilikuwa kimefunguliwa na abiria kutoka China walikuwa wanapimwa joto viwanjani. Mgonjwa wa kwanza wa India nzima aligundulika Kerala tarehe 30 Januari: mwanafunzi aliyerudi kutoka Wuhan. Tarehe 3 Februari, wagonjwa wakiwa watatu tu, jimbo lilitangaza janga. Siku nne baadaye lililegeza tangazo hilo, kwani wote watatu walikuwa wamedhibitiwa.

Mkono uliofanya kazi hiyo haukuwa wa wizara peke yake. Mwaka 1996 Kerala iliamua kushusha zaidi ya theluthi ya bajeti yake ya maendeleo hadi serikali za mitaa, na zahanati zikawa chini ya halmashauri za vijiji, zile wanazoziita panchayati. Ziko 941. Kila mtaa ndani ya panchayati una diwani wake aliyechaguliwa, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, karibu wote wanawake, ni kama 26,000 katika jimbo. Korona ilipofika, kamati za mitaa ziliundwa juu ya mfupa huo: diwani, mhudumu wa afya, bwana afya, na akina mama wa Kudumbashree, mtandao wa vikundi vya akiba na mikopo ulioanzishwa mwaka 1998 na wenye wanachama zaidi ya milioni 4. Mhudumu alipiga simu kila siku au alisimama getini akauliza kwa sauti: homa ipo? Kikohozi? Aliyejitenga hakuwa anachungwa na askari asiyemjua. Aliulizwa hali na mwanamke aliyemkumbusha chanjo za watoto wake.

Kisha vikaja vyungu. Shule na vituo vya chekechea vilipofungwa mapema Machi, mlo wa mchana wa watoto wadogo ulipelekwa nyumbani. Tarehe 19 Machi Waziri Kiongozi wa jimbo, Pinarayi Vijayan, alitangaza mpango wa rupia bilioni 200, wenye mikopo kwa vikundi vya akina mama, pensheni zilizotolewa mapema na nafaka. India nzima ilifungwa usiku wa tarehe 24, na ndani ya siku chache Kerala ilikuwa na majiko ya jamii kila panchayati, yakapita 1,000, yakiendeshwa kwa sehemu kubwa na wanawake wa Kudumbashree. Mwenye uwezo alilipa bei ndogo, asiye nacho alikula bure, na aliyejitenga aliletewa mlangoni. Kila mwenye kadi ya mgao, tajiri kwa maskini, alipata kifurushi cha vyakula.

Hapa pana jambo ambalo wachambuzi wengi wa afya hulipita haraka. Chakula kile hakikuwa sadaka iliyobandikwa pembeni ya mpango wa tiba, kilikuwa tiba yenyewe. Kibarua mwenye homa, anayejua kwamba kuonekana na homa ni kupoteza mshahara wa mwezi, ataificha homa. Akijua sahani itafika, hana sababu ya kuificha, na mchoro wa mishale unakuwa na taarifa za kweli za kujaza visanduku vyake.

Jaribio kubwa la mpango huo lilikuwa wafanyakazi kutoka majimbo ya kaskazini na mashariki, ambao serikali ya Kerala huwaita wageni. Wakati mamia ya maelfu ya vibarua kwingineko India walikuwa wanatembea barabarani kurudi kwao, Kerala ilifungua kambi nyingi kiasi kwamba mapema Aprili zaidi ya nusu ya kambi zote za serikali nchini zilikuwa zake. Hata hivyo tarehe 29 Machi, huko Paippad wilayani Kottayam, wafanyakazi hao walimiminika barabarani kwa wingi wakidai usafiri wa kwenda kwao. Lilizuka pia suala la chakula: wali wa Kerala si mlo wa mtu aliyekulia chapati na dengu. Chapati zikaongezwa majikoni. Ni marekebisho madogo, lakini aliyewahi kulala mbali na kwao anajua uzito wake.

Vifaa vilibuniwa kadiri hali ilivyodai. Katika hospitali ya chuo cha tiba cha Ernakulam, mwanzoni mwa Aprili, liliwekwa sanduku la kioo lenye ukubwa wa kibanda cha simu, kwa mfano ulioonekana Korea Kusini. Mpimaji anasimama ndani. Mikono yake inapenya kwenye mifuko miwili ya glavu iliyofungwa ukutani, inashika kijiti, inamchukua sampuli mtu aliyekaa nje, kisha glavu na kiti vinasafishwa na anayefuata anaitwa. Mavazi ya kujikinga yalikuwa adimu, na hapo hayakuhitajika kuvaliwa upya kwa kila mtu. Mwanzoni mwa Mei jimbo lilipita siku kadhaa bila mgonjwa mpya hata mmoja. Tangu Januari walikuwa karibu 500 tu.

Hali hiyo haikudumu, na haikuwezekana idumu. Tarehe 7 Mei ndege za kwanza za kuwarudisha Wahindi zilitua Kochi na Kozhikode zikitoka Abu Dhabi na Dubai, na jimbo haliwezi kuwafungia mlango watoto wake. Nyufa zilikuwa zimeshaanza kuonekana. Aprili, serikali ilijikuta mahakamani kwa kukabidhi taarifa za watu waliojitenga kwa Sprinklr, kampuni ya Marekani, bila kuwauliza wenyewe. Mahakama Kuu ya Kerala iliagiza taarifa hizo zifutwe majina na kila mtu aombwe ridhaa kwanza. Mfumo mzima ulisimama juu ya kuaminika kwa mtu wa getini, na mkataba ule uliichezea imani hiyo.

Julai ikaja Poonthura, kijiji cha wavuvi kando ya Thiruvananthapuram, mji mkuu wa jimbo, ambako nyumba zimebanana na kazi ni ya wengi: watu huvuta nyavu pamoja na kuuza samaki pamoja. Maambukizi yalipolipuka, walitumwa makomando wa polisi. Wakazi, waliokatwa na bahari na soko, waliandamana. Tarehe 17 Julai Vijayan alikiri kwamba Poonthura na kijiji kingine cha pwani, Pulluvila, kulikuwa na maambukizi ndani ya jamii, na mapema Agosti polisi walipewa jukumu la kuwasaka waliokutana na wagonjwa. Madaktari walipinga, na walikuwa sahihi. Askari anaweza kumweka mtu ndani. Kumfanya amtaje rafiki aliyekula naye jana ni kazi nyingine, na wilayani Pathanamthitta ilikuwa imeshaonekana hufanywa na nani.

Kuna eneo moja ambamo ustadi wa mwanzo uliendelea bila kupungua, nalo ni chanjo. Kichupa cha chanjo ya Covishield kilikuwa na mililita 5, yaani dozi 10 za nusu mililita, lakini kiwandani kilijazwa tone la ziada ili kufidia kinachopotea. Muuguzi mwenye haraka alipoteza tone hilo ndani ya bomba la sindano. Mwenye mkono mtulivu, aliyetoa hewa taratibu na kuinamisha kichupa vizuri, alipata dozi ya 11. Kikishafunguliwa, kilikuwa na saa nne, kwa hiyo hakikufunguliwa jioni kwa ajili ya watu watatu, walisubiriwa au waliitwa wengine kwa simu hadi kumi watimie. Matokeo yake yalitangazwa Mei 2021: Kerala ilipokea dozi 7,338,806 na kuchanja dozi 7,426,164. Tofauti hiyo ya dozi 87,358 ilitoka kwenye vidole vya wauguzi.

Ndipo takwimu za katikati ya 2021 zikawachanganya wengi. Mwishoni mwa Julai na Agosti, jimbo hili lenye chini ya asilimia 3 ya Wahindi lilikuwa linatoa zaidi ya nusu ya wagonjwa wapya wa nchi, na walioisifu mwaka uliotangulia wakaanza kusema imeanguka. Uchunguzi wa kingamwili uliofanywa kitaifa Juni na Julai ulieleza zaidi. India nzima, watu 67.6 kati ya kila 100 walikuwa na kingamwili. Madhya Pradesh walikuwa 79. Kerala 44.4. Kwa maneno mengine, kwingine kirusi kilikuwa kimeshapita nyumba kwa nyumba, na Kerala kilikuwa bado kinakuta watu ambao hakikuwahi kuwafikia. Wengi wao kilipowafikia tayari walikuwa na dozi moja ya chanjo. Na katika Aprili na Mei, wagonjwa walipokufa Delhi kwa kukosa oksijeni, hospitali za Kerala zilikuwa nayo. Kuchelewesha wimbi hadi kinga ifike ndiyo kazi ambayo serikali ya jimbo inaweza kuifanya, na Kerala iliifanya.

Haki ya mchambuzi ni kusema pia pale isipofanya. Tangu 2020 daktari mmoja na kikundi cha wanaojitolea walikuwa wakisoma kurasa za vifo za magazeti ya Kimalayalam na kufuatilia vituo vya televisheni vya jimboni, na kufikia Novemba mwaka huo hesabu yao ilizidi ya serikali kwa zaidi ya watu 1,000. Aliyekufa kwa korona akiwa pia na saratani au maradhi ya figo aliweza kuandikwa chini ya maradhi yale mengine. Mwaka 2021, Mahakama ya Juu ya India ilipoelekeza familia za marehemu zilipwe kifuta machozi, kikapangwa kuwa rupia 50,000, kila jina lililokosekana daftarini lilikuwa na wajane na yatima nyuma yake. Maelfu ya vifo vya nyuma viliongezwa, jumla ikapita 70,000, na Kerala ikawa ya pili India nzima baada ya Maharashtra. Familia zilipeleka maombi na vyeti, kamati za wilaya zikayapitia jina kwa jina, na jimbo lililojua kila siku nani amejitenga chini ya paa lipi likaanza kuwatafuta wafu wake kwenye makaratasi ya mwaka uliopita.