Treni Isiyo na Dereva, na Kioo cha Mbele ni Chako

Acheni shughuli kidogo niwaambie: kiti kitamu kuliko vyote katika maonesho ya dunia ya Dubai hakikuwa ndani ya banda lolote. Kilikuwa kwenye treni ya kwenda huko, kichwani kabisa, pale ambapo treni nyingine humfungia dereva nyuma ya mlango wenye kufuli.

Hakuna dereva! Wala chumba chake. Kuna kioo kipana, na reli zinakukimbilia miguuni. Nilipanda Machi 2022, siku za mwisho za Expo 2020 (korona iliichelewesha mwaka mzima, ikafunguliwa Oktoba 1, 2021), na kila nikiisimulia safari hiyo kambini Dzaleka, Malawi, napewa swali lile lile: sasa nani anaendesha?

Nitalijibu. Kwanza kilichoniacha mdomo wazi hata kabla ya kasi: treni iliondoka nusu tupu. Aliyewahi kuganda ndani ya minibasi pale City Centre, Lilongwe, kondakta akimtafuta abiria wa mwisho wa kubanwa mlangoni, atanielewa. Milango ikafunguka, ikajifunga, tukaondoka. Hakuna aliyepiga debe. Na nyingine ilikuwa nyuma yetu tayari!

Tawi lenyewe linaitwa Route 2020: kilomita 15, vituo 7, likichepuka kutoka Red Line ya metro ya Dubai pale Jebel Ali. Kilomita 11.8 zinapita juu ya nguzo, jangwa na mapaa ya nyumba vikiwa chini yako, halafu kuna kilomita 3.2 za chini ya ardhi. Ukiwa kwenye kioo cha mbele, mdomo wa handaki unakumeza wewe kwanza, wengine baadaye. Nilipiga kelele. Sikuwa peke yangu. Ukifika, kituo cha Expo kimebuniwa kwa umbo la mabawa ya ndege, lakini mimi nilitaka kurudi nipande tena.

Haya, anayeendesha. Ni kompyuta, chini ya macho ya watu walioketi chumba cha udhibiti. Mfumo unaitwa SelTrac. Kila treni inatoa taarifa iko wapi na inakwenda mwendo gani. Kompyuta inapiga hesabu ya nafasi itakayotosha kufunga breki kabla ya kuigusa iliyotangulia. Nafasi hiyo inasogea pamoja na treni, ndiyo maana zinafuatana kwa karibu vile bila ajali. Jukwaani kuna ukuta wa vioo ambao milango yake hufunguka treni ikishasimama sawasawa mbele yake, kwa hiyo mtoto hatumbukii relini na joto linabaki nje.

Hapa ndipo nilipopagawa kabisa. SelTrac hiyo hiyo, toleo la zamani zaidi, ndiyo iliyowekwa kwenye SkyTrain ya Vancouver, Kanada, iliyojengwa kwa ajili ya Expo 86! Miaka thelathini na ushei kati ya maonesho mawili, ukoo mmoja wa akili. Na SkyTrain inabeba watu hadi leo. Expo Express, treni ya maonesho ya Montreal, haikupata bahati hiyo: mwaka 1967 iliweza kujiendesha yenyewe, ingawa mtu aliwekwa mbele ili abiria wasiogope, na miaka michache baada ya maonesho ikafungwa. Kwangu mimi banda la maonesho lina umri wa maua. Nchi 192 zilikuwa na mabanda Dubai, nikayatembelea kwa furaha, ila nikiulizwa nini kilistahili pesa nitasema treni.

Kasoro? Behewa la Gold, kwa jicho langu, ni kulipa zaidi ili uketi na watu wasiosalimiana. Na wanaume, tazameni sakafu: ukiingia behewa la wanawake na watoto, faini ni dirhamu 100.

Eneo la maonesho sasa ni Expo City Dubai, na treni bado inafika. Ninyi mnaopitia Addis Ababa kwenda kuchukua mizigo Deira, ibeni nusu siku. Nunueni kadi ya nauli iitwayo nol, pandeni kituo cha Union, someni ubao vizuri, maana si kila treni ya Red Line inaingia tawi la Expo. Na ukikuta mtoto amewahi kioo cha mbele, mwombe kwa adabu. Wangu alinigawia nusu.