Suruali za Kalela

Mara nyingi ngoma za Katanga zikionyeshwa jukwaani, wachezaji huvikwa majani na ngozi, nasi twaambiwa: ndiyo mavazi ya wazee. Wazee gani? Wazee wetu wa Elisabethville, mji uitwao Lubumbashi tangu 1966, walicheza mbeni, ngoma iliyotoka pwani, wamevaa kama askari, wakipeana vyeo vya serikali ya Kibelgiji.

Ng'ambo ya mpaka, huko Luanshya, mtaalamu Mitchell aliwaona wachezaji wa kalela mwaka 1951, wengi wao Wabisa. Walivaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi, fulana safi, viatu ving'aavyo. Alikuwapo «daktari» wa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu, na «mwuguzi» aliyewapitia wachezaji na kioo na leso, wajitazame na kujipangusa. (Kioo hicho chatupendeza kuliko yote.)

Wako wasemao kwamba ni kuiga Wazungu tu. Sisi twakataa. Wazungu wenyewe, Paris mwaka 1832, walimvika Marie Taglioni kitambaa cheupe chepesi mno, aonekane kama pepo wa msituni. Hakuna aliyekwenda sokoni hivyo. Mavazi ya ngoma humwonyesha mtu jinsi anavyotaka kuonekana. Na vijana wale wa kalela, wengi wao vibarua, Jumapili alasiri walisimama kama makarani, na watu wote wakawatazama.

Basi atakayetuonyesha kalela tena, twamwomba aweke majani kando, atafute pasi ya makaa.