Geuza Bati Uone: Namna ya Kulipima Gari la Jeshi Lililofufuliwa

Juzi nilisimama kando ya Land Rover 109 iliyowahi kuwa ya jeshi, nikasikia ikimiminiwa sifa ambazo mafundi ninaowaheshimu hapa Kawangware hawajawahi kupewa maishani mwao. Boneti ilikuwa inawaka. Magurudumu mapana ya aloi, viti vya ngozi, taa za LED mbele na nyuma. Bwana mmoja aliyevaa koti safi akatangaza kwamba gari limerudi kama lilivyotoka kiwandani, na wenzake wakaitikia. Nikainama, nikaingiza mkono juu ya tairi la mbele, nikapapasa ubavu kwa ndani. Mabonde ya ajali yalikuwa palepale, hayajaguswa na nyundo hata moja. Mbele kioo, nyuma makorongo. Kisha nikasikia bei aliyolipa mwenyewe, nikaondoka bila kusema neno, na hasira hiyo ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Nawaandikia wanaonunua magari ya jeshi yaliyochakaa kwenye mnada na kuyafufua kwa kupenda tu. Idadi yao inaongezeka, na fedha wanazo. Macho ndiyo hawana bado, na mtu mwenye fedha asiye na macho humharibu fundi mzuri upesi kuliko njaa, kwa sababu humfundisha kwamba rangi ndiyo inayolipwa.

Kazi hii ina mizizi Nairobi. Kibera yenyewe ilikuwa ardhi ya askari: mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi la kikoloni la KAR, na Wanubi waliotumikia jeshi hilo ndio waliokaa pale na familia zao. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, Waafrika Mashariki wengi walifundishwa udereva na umakanika jeshini, wengine katika kikosi cha EAEME kilichokuwa kikitengeneza mitambo na magari. Waliporudi nyumbani walirudi na mikono inayojua chuma. Wazee niliowakuta Kibera nikiwa kijana walikuwa wamefundishwa na wanaume wa aina hiyo, na walikuwa na amri moja: gari la serikali lazima lirudi barabarani likiwa salama, na atakayelikagua hatatazama rangi.

Basi anza pale anapoanza mkaguzi, chini. Lala kwenye gunia, tazama chasi. Kiraka kizuri hukatwa kwa msharazari, hakikati chasi wima kama kisu, kwa sababu mshono uliosimama wima ndipo chasi itakapovunjikia gari likibeba mzigo kwenye barabara mbovu. Matundu ya kutoa maji yawe wazi. Kutu yote iwe imekatwa na kutolewa. Kiraka juu ya kutu ni kazi ya mtu anayehama mtaa. Ukikuta chasi nzima imepakwa lami, nyeusi na nene, usiulize maswali. Chukua nyundo ndogo, gonga hatua kwa hatua kuanzia mbele mpaka nyuma, usikilize. Chuma kizima hulia. Palipooza hujibu kwa sauti ya mbao.

Nilimjua fundi aliyekuwa maarufu kwa kumaliza kazi haraka kuliko wote. Mteja wake mmoja aliniletea lori la Bedford aliloliuziwa kama lililofufuliwa, akilalamika kwamba kabini inalia kila akipita kwenye tuta. Nilisukuma bisibisi kwenye mkono unaoshika bodi, ikazama mpaka mpini. Ilipotoka ilitoka na kipande cha gazeti. Magazeti yalikuwa yamesokotwa, yakashindiliwa ndani ya tundu la kutu, yakafunikwa kwa fila, ule unga wa kujazia mabonde, na lami, na tarehe kwenye kile kipande ilikuwa ya mwezi uleule gari lilipouzwa. Lori la tani tatu lilikuwa limebebwa na habari za michezo.

Lakini chasi watu wengi hujifunza kuitazama. Kitu ambacho mgeni wa kazi hii hakitazami kamwe, na ambacho kwangu ndicho kipimo kikuu, ni nyuma ya bati.

Elewa kwanza bati lenyewe. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa Birmabright, alumini iliyochanganywa na magnesi kidogo. Bati hilo halili kutu kama chuma, lakini lina kiburi chake. Ukiligonga likiwa baridi linazidi kuwa gumu, na ukiendelea linapasuka. Ukilichoma ili lilainike, halikuonyi: halibadiliki kuwa jekundu kama chuma, linabaki na rangi yake ileile mpaka ghafla linadondoka chini, limeyeyuka. Mafundi wengi wameharibu ubavu mzima hivyo, kisha wakaficha msiba kwa fila.

Mzee mmoja Mnubi aliyekuwa na kibanda karibu na reli pale Kibera alikuwa na dawa yake. Alikuwa akichukua sabuni ya kipande, ile ya kufulia, anaisugua juu ya bonde, kisha anapitisha mwali wa gesi kwa mbali, taratibu, bila kuusimamisha mahali pamoja. Sabuni ikawa kahawia, ikaiva, ikawa nyeusi, na papo hapo anaondoa moto. Hakuwa na kipimajoto. Sabuni ilimwambia kwamba bati limelainika na bado halijafika kwenye kuyeyuka. Akiliacha lipoe, analilaza juu ya gunia la mchanga na kuanza kwa nyundo ya mbao. Hakuanza katikati ya bonde hata siku moja. Bonde lililoingia mwisho ndilo linalotoka kwanza, alikuwa akituambia, akaizunguka ajali kinyumenyume kutoka ukingoni mpaka akafika pale lilipogongwa mwanzo. Mwishoni alishika doli, chuma cha kukingia nyuma ya bati, kwa mkono wa kushoto na nyundo nyepesi kwa wa kulia, na ukaanza mlio wa haraka ulio sawa. Waliofanya kazi jirani naye waliweza kujua kwa mlio huo peke yake kwamba amekaribia kumaliza.

Kazi ya namna hiyo huacha saini, na saini hiyo iko nyuma. Papasa kwa vidole: utahisi alama ndogondogo za nyundo, zinazokaribiana kwa ukubwa, zimepangana kwa safu. Kwa mbele hapatakuwa na fila, au patakuwa na pati nyembamba isiyozidi unene wa kadi ya mwaliko. Kazi mbovu nayo ina saini yake. Kuna wanaotoboa bati kwa drili, wanaingiza ndoano na kulivuta nje, kisha wanapaka fila juu ya matundu. Nyuma yake utakuta fila imejitokeza kama minyoo. Ukiwaona minyoo hao, huna haja ya kuendelea kulikagua gari.

Papasa na riveti ukiwa hukohuko nyuma. Riveti ngumu, iliyopigwa na watu wawili, mmoja na nyundo na mwingine na chuma cha kukinga, ina kichwa mbele na mkia uliobanwa vizuri nyuma. Riveti ya pop hupigwa na mtu mmoja kwa bastola, na katikati yake hubaki tundu lenye kipande cha msumari wa chuma ndani. Maji huingia humo, msumari hula kutu, na baada ya masika mawili chozi la kahawia linashuka juu ya rangi mpya. Mahali ambapo kiwanda kiliweka riveti ngumu, weka riveti ngumu. Sitaki kusikia habari za bei.

Wapo wanaokuja na sumaku mfukoni, kwa kuwa wameambiwa sumaku hufichua fila. Kwa Bedford, ambayo kabini yake ni ya chuma, sumaku inasema kweli. Kwenye ubavu wa Land Rover haina la kusema, kwa sababu alumini haishiki sumaku hata ikiwa mpya kabisa. Nimeona mtu akizunguka gari zima na sumaku yake, ikimwangukia mkononi kila mahali, naye akatangaza kwamba gari limejaa fila. Siri yenyewe ni kinyume. Kingo za juu, fremu za milango na ule ukuta ulio kati ya injini na dereva ni vya chuma, na hapo sumaku ina haki ya kushika. Ikishika ubavuni, ogopa. Maana yake kuna mtu aliyekunja bati la chuma, akalifunga penye alumini na kulipaka rangi ya kijani. Maji ya mvua yakikaa kati ya metali hizo mbili, alumini iliyo jirani huanza kugeuka unga mweupe, na gari linaliwa kutoka ndani huku mwenyewe akilipiga picha.

Mengine nitayasema kwa kifupi, na sitabishana na mtu. Tairi za 109 ni 7.50-16. Rangi ya gari la jeshi isiwake. Ilikuwepo kumficha askari, na vikosini magari mengi yalipakwa kwa brashi, kwa hiyo alama ya brashi si kosa, lakini koti la rangi ya 2K linalong'aa ni kosa. Injini ya Isuzu au Toyota ni nzuri kwa anayebeba maziwa. Anayesema amefufua Land Rover awe na ile ya petroli ya lita 2.25 iliyozaliwa nayo. Kama gari lilikuwa la redio, umeme wake ni wa volti 24, na aliyeushusha kuwa 12 ili apate vipuri vya bei nafuu amelikata gari ulimi. Tazama pia difu ya nyuma. Magari mengi ya jeshi ya mtindo wa Kiingereza yalikuwa na difu iliyopakwa nyeupe na taa ndogo ya kuimulika, ili dereva anayefuata aweze kuandama msafara usiku bila taa kubwa. Mwenye pupa hupaka chini kote nyeusi. Aliyesoma gari lake huacha ule weupe.

Usifute kila kovu. Mikwaruzo ya sakafuni palipokuwa pakiwekwa masanduku, tundu la boliti ya mlingoti wa redio, namba ya zamani inayosomeka kwa shida chini ya rangi: hivyo ndivyo vinavyolitofautisha gari la jeshi na gari la shambani. Bonde la ajali lirekebishwe. Alama ya utumishi ibaki.

Nakumbuka wakati ambapo maneno haya yasingehitaji kuandikwa. Leyland Kenya, iliyoanzishwa Thika mwaka 1974, ilikuwa ikiunganisha Land Rover humuhumu nchini, na ukitafuta mtu aliyeijua bodi hiyo mshono kwa mshono hukuhitaji kwenda mbali. Siku hizi hata vibanda vimepungua. Julai 2018 tingatinga zilipita Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na pamoja na nyumba na shule zikaondoka sehemu za kazi ambazo hazijapata mahali pengine. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka huohuo, lakini kwa sisi ambao mlango halisi wa Land Rover tunautoa kwenye lundo la chakavu, miezi ile ilikuwa ya kukaa na mikono mitupu.

Hata hivyo mikono haijaisha. Kando ya Naivasha Road, Kawangware, wapo vijana wanaoweza kulitoa bonde mpaka nyuma ya bati ikawa tambarare ya kujivunia. Niliwauliza kwa nini wanapaka fila, nao wakanijibu bila aibu kwamba mteja huja na tarehe ya harusi au ya maonyesho, na anapofika hutazama rangi tu. Kulinyoosha bati kwa nyundo kunachukua siku nyingi. Fila hukauka kabla chai haijapoa. Siwalaumu wao.

Nyumba njema si mlango. Ukiwa na gari la jeshi la kufufua, fanya mapatano na fundi wako kwamba malipo makubwa ni ya nyundo, na ya rangi ni madogo na ya mwisho. Mwambie asipake hata koti la kwanza kabla hujaja. Fika bati likiwa tupu, vua saa na pete, ingiza mkono nyuma ya kila ubavu, na uchukue muda wako. Ukikuta alama za nyundo zilizopangana, mlipe bila kupunguza hata shilingi, kisha waambie wenzako jina lake na mahali kibanda chake kilipo. Na fundi anayekuzuia kutazama nyuma ya bati, usimpe gari lako.